Ubao wa Adabu

Ulimi hauna mfupa, lakini ulimi wa Mkasi ulikuwa na makali. Ndiyo maana wateja walimpachika jina hilo: mkasi wa mkononi ulikata nywele, wa mdomoni ulikata maini. Mtu aliingia saluni kwake kupunguza ndevu, akatoka amepunguzwa majivuno pia. Na watu walipenda, jamani. Walipanga foleni watukanwe.

Basi kikaja kiharusi, kikamchukua upande wa kulia na maneno yote. Kikamwachia mkono wa kushoto, ambao kwa bahati ndio aliokuwa akinyolea, na akili zake timamu, ambazo si bahati kwa mtu asiye na njia ya kuzitoa nje. Herufi nazo zikamkimbia. Ukimwandikia neno analitazama kama sura ya mtu aliyewahi kumjua, jina limemtoka.

Aliyebaki naye nyumbani ni mke wa mwanawe mdogo. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Leo yupo, kesho kutwa ni sauti kwenye simu. Kwa hiyo walikuwa watatu: mzee, mkwe wake, na binti mdogo ambaye babu alimbatiza Meneja, enzi zile akiweza kubatiza, kwa kuwa alizaliwa analalamika kuhusu huduma. Tangu hapo mkwe naye akawa Mama Meneja, na mtaa mzima ukasahau kama alikuwa na jina lingine.

Wazo la ubao alipewa na muuguzi wa mazoezi.

"Tafuta kadibodi," muuguzi alimwambia. "Chora kila anachohitaji, yeye aonyeshe kwa kidole. Usimkisie wala usimsemee. Muulize, halafu ngoja. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe."

Mama Meneja alikata boksi la sabuni, akachora. Alikuwa na mkono mzuri. Kwenye darasa la jioni, kabla hajaliacha, mwalimu alikuwa akimwita ubaoni kuchora michoro ya sayansi. Akachora kikombe, sahani, kitanda, redio, shuka, dawa. Akaweka alama ya Ndiyo na alama ya Hapana. Na mstari wa juu, mahali pa heshima, akaweka michoro ya Asante, Naomba, Samahani, na Nimeshiba, nashukuru. Juu yake akafunga nailoni ili uji ukimwagika upanguswe. Hakuweka neno hata moja la ukali. Mkwe gani, aliyelelewa akalelewa, angemshikisha baba wa mumewe maneno ya ovyo?

Wageni waliusifu. "Huyu ndiye mkwe," walisema. "Na mzee mwenyewe amekuwa mpole siku hizi!"

Mzee alikaa chumba cha mbele kilichokuwa saluni, kwenye kiti chake cha kinyozi, kwa sababu ndicho pekee kilichopanda na kushuka kwa pedeli, na bila hicho Mama Meneja asingemudu kumwinua. Mbele yake kioo kikubwa. Juu ya mapaja yake trei, na juu ya trei ubao. Kutwa nzima alijitazama akiwa mpole.

Mama Meneja naye alitazama nini? Mlango. Akitoka kwenda dukani alirudi mbio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Akifua, sikio moja lilibaki ndani. Saa ya darasa la jioni ilipofika, mwili wake uliijua bila kutazama saa. Miguu iliwasha, kisha ikatulia yenyewe, kama mbuzi aliyeshapima urefu wa kamba yake. Hakuna aliyemfungia. Hilo ndilo lililomchosha zaidi: hapakuwa na mtu wa kumwomba ufunguo.

Siku za karibuni mzee alikuwa ameanza tabia mpya. Kidole kilitoka nje ya ubao, kikagonga trei tupu. Tap, tap. Mama Meneja alimshika kifundo cha mkono kwa upole, akakirudisha. "Hapa, Baba. Picha ziko hapa." Mzee alimtazama kwa kitambo, kisha akagusa kikombe, kama mtu anayenunua chochote ili asitoke dukani mikono mitupu. Akaletewa chai. Chai aliyokunywa mzee siku zile ingetosha msiba.

Ndipo akaja kaka mkubwa wa mumewe, mhasibu, mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata. Alisimama mlangoni akiwa na funguo za gari mkononi.

"Shemeji, umebeba vya kutosha. Jumapili namchukua Baba. Chumba hiki tutakipangisha. Kwangu kuna nafasi, kuna choo cha ndani, na mchana kutakuwa na mtu wa kukaa naye. Si ndiyo, Baba?"

Kichwa cha mzee kikaitikia. Tangu augue, kichwa kile kiliitikia kila sauti kubwa, hata honi. Lakini kidole kikaenda kwenye Hapana.

"Hapana nini, Baba? Hutaki dawa? Shemeji, ameshakula?"

"Ameshakula."

"Basi ni uchovu."

Kidole kikatoka kwenye ubao, kikagonga trei. Tap, tap, tap.

"Unaona? Hata picha anazikosa."

Mama Meneja akamshika kifundo, akakirudisha kidole ubaoni. Na alipokuwa anakirudisha, kitu kidogo kifuani mwake kilikuwa kinaimba: Jumapili, Jumapili. Alikionea aibu. Kikaendelea kuimba.

Shemeji alipoondoka, Meneja alipanda mapajani kwa babu yake akiwa ametoka kucheza chini ya kitanda, kichwa kimejaa vumbi na uzi. Mzee alimtazama kwenye kioo. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaubana uzi mmoja mwembamba kwa kucha mbili, akauchomoa nyuma ya sikio la mtoto bila kuligusa sikio. Kisha mwingine.

Mama Meneja alikuwa ameshika ufagio. Akaacha kufagia.

Mkono ule ulipitisha wembe kooni mwa watu miaka na miaka, na hakuna aliyetoka na mchubuko. Mkono ule haukosi. Kama haukosi uzi, utakosaje ubao?

Aliketi kwenye benchi la wateja.

"Baba. Ukigonga pembeni... unatafuta neno ambalo mimi sijaliweka?"

Kidole kilikwenda kwenye Ndiyo. Hakikugonga. Kilikandamiza, mpaka nailoni ikabonyea.

"Kila siku, Baba? Siku zote zile, nami nakuletea chai?"

Kidole hakikuondoka pale.

Akauliza moja moja. "Ni kitu cha kula?" Hapana. "Ni mtu?" Hapana. "Ni neno la kusema?" Ndiyo. "La shukrani?" Hapana, na hiyo Hapana ilipigwa hadi Meneja akaruka. Mama Meneja alitazama mlango wa mtaani, akatazama wa uani, akashusha sauti. "Baba... ni neno baya?"

Kwenye kioo, ile nusu ya mdomo iliyokuwa bado inafanya kazi ilitabasamu.

Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Walisema hivyo kwa sababu hawakumwona mkwe amekaa kwenye benchi akimchagulia mkwewe.

"Naomba radhi kabla sijaanza," alisema, akafunga milango yote miwili. "'Nyamaza'?" Ndiyo. "'Sitaki'?" Ndiyo. "'Muongo'?" Ndiyo, ndiyo. "'P...' Baba, jamani, mimi nimelelewa. 'Pumbavu'?"

"Pumbavu!" akaitikia Meneja kwa furaha.

Mzee alicheka. Ilikuwa sauti ya kukoroma, isiyo na umbo, lakini ilikuwa kicheko, na machozi yalimtoka. Mama Meneja alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akageuza ubao, akachora upande wa nyuma, kila picha akimwonyesha kwanza naye akikubali au kukataa. Mtu mwenye ulimi mrefu, Muongo. Kiganja kilichoinuliwa, Subiri. Mdomo uliobanwa kwa kibanio cha nguo, Nyamaza. Akaongeza picha za Sitaki, Mimi, Wewe, Taka, Nini, Kwa nini, Haraka. Maswali! Hakuwa amemwekea hata swali moja. Alikuwa amemfanya mtu wa kujibu tu, kama mahabusu.

Alipomaliza, mzee alikaa akiutazama upande ule mpya. Kisha kidole kikatembea taratibu. Wewe. Taka. Nini.

"Mimi? Mimi sitaki kitu, Baba. Wewe ukiwa mzima, mimi..."

Muongo.

Alianza kucheka, na kicheko kikageuka kikiwa njiani. Hapakuwa na mtu aliyemuuliza swali lile tangu lini? Mumewe kwenye simu aliuliza mzee anaendeleaje, mtoto anaendeleaje, gesi ipo. Alitazama mikono yake.

"Nimechoka, Baba. Nataka kurudi darasani nimalize. Nataka kutembea dukani polepole. Na leo kaka aliposema Jumapili, moyo wangu ulishangilia. Nimeshakwambia. Nisamehe."

Akangoja. Ilikuwa mara ya kwanza kusubiri kumuume hivyo. Mzee alishika ukingo wa ubao, akaugeuza mwenyewe kwa mkono mmoja, ukampiga goti, ukakaa. Upande wa adabu ukawa juu. Kidole kikaenda mstari wa heshima, kikagusa Asante. Na hakuwa amepewa kikombe.

Jumapili ilifika. Sanduku la mzee lilikuwa tayari mlangoni, kwa sababu Mama Meneja alilipanga mwenyewe, akikunja kila shati vizuri, na hakutaka kujiuliza alikuwa upande gani. Shemeji aliingia. Ubao ulikuwa juu ya trei, upande wa adabu ukiwa juu, na kwa muda mfupi mwanamke yule alijua kwamba akiuacha hivyo hivyo, hakuna atakayemlaumu. Wangesema tu, mkwe mwema, alimpangia na nguo.

"Tuko tayari, Baba, si ndiyo?"

Kichwa kikaitikia.

Mama Meneja akaugeuza ubao.

Kidole hakikusubiri. Nyamaza.

Shemeji aliinama kuisoma picha. Akainuka taratibu. "Shemeji. Hiki ni nini?"

"Nimemwongezea maneno."

"Matusi? Unamfundisha baba yangu matusi?"

"Shemeji, hivi kweli, baba yako wa kufundishwa matusi na mimi?"

Kicheko kilimfika shemeji shingoni, akakimeza. "Ubao umeuchora wewe, maneno umeyaweka wewe. Nitajuaje kwamba siyo wewe unayesema?"

Ilikuwa kweli. Alimbeba Meneja.

"Basi natoka. Muulizeni wenyewe... muulize wewe. Uliza moja moja. Na ukiuliza, nyamaza mpaka amalize. Usimmalizie."

Uani palikuwa na choo, kamba ya nguo, ukuta, na ukuta mwingine. Alisimama kati ya shuka zilizoloa akisikiliza. Sauti ya shemeji ilikuja ya kasi, sentensi juu ya sentensi, kama anayesoma hesabu za mwaka. Kidole kikagonga trei, kikaikata. Ikaanza tena. Tap, tap. Kisha kimya. Swali fupi, kimya kirefu. Mtoto alitaka kuongea akamziba mdomo, kisha akamwachia, akaona haya kwa alichofanya. Alitaka kuomba, akagundua hajui aombe lipi. Mzee akishindwa, mlango unafunguka. Mzee akishinda, kesho ni uji, shuka, pedeli, na miguu inayowasha jioni.

Shemeji alitoka baada ya muda, vifungo viwili vya shati vimefunguliwa.

"Ameniita muongo."

"Kwa lipi?"

"Nilimwambia mchana kutakuwa na mtu." Alitazama ukuta. "Hayupo, shemeji. Tungemfungia mlango, tukaenda kazini. Nilijua. Nikasema moyoni, yeye hatasema." Akapangusa uso. "Habanduki hapa. Amesema sitaki mpaka kidole kikamchoka. Halafu akaniuliza mimi nataka nini. Nimekaa pale kama mtoto."

Moyo wa Mama Meneja ulifurahi, kweli ulifurahi, na papo hapo alisikia kufuli likijifunga mahali pake pa zamani. Vyote viwili vikakaa kifuani bila kusogezana.

"Na mimi?" akasema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Darasa langu ni jioni. Nani anakaa naye?"

"Hilo tutaliangalia, shemeji. Kazi zangu unazijua, mwisho wa mwezi..."

Ndani trei iligongwa kwa nguvu. Wakaingia wote. Kidole kilikuwa upande wa nyuma, kwenye Haraka, na macho ya mzee yalikuwa kwenye mlango wa uani, njia ya kwenda chooni. Hilo halikuhitaji picha.

Shemeji akasogea kando kumpisha mwanamke, kwa mazoea, kama mtu anayepisha gari barabarani. Mama Meneja hakupita.

"Kanyaga pedeli, kiti kishuke," alisema. "Ingia upande wa kulia, ndio mzito. Bega lako chini ya kwapa lake."

"Mimi?"

"Haraka, shemeji. Umeambiwa."

Shemeji alitazama shati lake. Akakunja mikono ya shati, akakanyaga pedeli, kiti kikashuka kwa mkupuo mzee akashtuka, kichwa kikaitikia. Akainama, akamkumbatia baba yake vibaya, akajaribu tena, akamwinua. Wakayumba wote wawili mbele ya kioo.

"Mzito!" alisema akihema. "Shemeji, mzito hivi kila siku?"

"Kila siku."

Mama Meneja akamshusha mtoto, akaufungua mlango wa uani, akauegemea usijifunge, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi akasimama pembeni, mikono mitupu, wao wakipita.