Viungo vya Wifi

Usiku wa kuamkia jana Saumu aliota amefika kwenye tovuti yake mwenyewe, akazuiwa mlangoni.

Ieleweke kwanza kwamba tovuti hiyo haikuwepo. Ilikuwa bado maneno matupu kati yake na Mhando, kijana fundi wa kompyuta pale Muheza, ambaye alishamwambia hagusi kitu mpaka aletewe maandishi. Kila ukurasa na maneno yake, da Saumu. Ukurasa wa Mwanzo, Kuhusu Sisi, Bidhaa Zetu, Wasiliana Nasi. Saumu alikaa na simu mkononi jioni nzima asipate hata sentensi ya kuanzia, kwa sababu kila alipogusa palikuwa na sisi ndani yake, na sisi hiyo ilikuwa imeingia mushkeli.

Biashara inaitwa Viungo vya Wifi. Waliianzisha wawili, Saumu na Mwanvua, dada wa mumewe: pilipili manga, iliki na mdalasini kutoka milima ya Amani, vikisagwa na kufungashwa uani. Hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Wifi lete chekecheke, wifi umekula, wifi mbona umenuna. Kisha mume huyo, Singano, akampa Saumu talaka kwa ujumbe wa simu, hata nukta hakuweka, na tangu hapo Mwanvua hajaonekana kwenye mashine wala hapokei simu. Kumpoteza mume Saumu alikuwa amekumeza, kwa shida lakini kulishuka. Kumpoteza wifi kulimkwama kooni. Hakujua hata kama bado ana haki ya kumwita hivyo.

Basi akalala na jambo hilo, akaota.

Mlangoni vimesimama vidakuzi, vile vijidude ambavyo kila tovuti hukuomba uvikubali kabla hujaona chochote. Saumu amekuwa akivikubali kila siku bila kuviuliza habari za nyumbani. Kumbe vina meno, na vimevaa sare ya kijivu.

"Unakubali tukukumbuke?" kikauliza kimoja.

"Nikikataa?"

"Utaingia, ila kila hatua tutakuuliza tena."

Akakubali, maana alikuwa amechoka hata ndotoni. Kidakuzi kikafungua kinywa na kuanza kumsomea mambo yake. Ulitazama picha ya harusi. Ukaikuza. Ukamtoa bwana arusi pembeni, ukabaki na yule mwanamke aliyekushika mkono.

"Huyo ni wifi yangu," Saumu akasema.

"Hatukuandika ni nani. Tumeandika kwamba umemtazama mpaka simu ikazimika."

Vikampisha. Ndani ni uani kwake, ila hauna kuta, na juu hewani limening'inia neno kubwa la rangi ya manjano.

"Karibu," neno likasema.

"Ahsante, nimeshafika."

"Hujafika. Ungekuwa umefika ningesema umefika. Nimesema karibu."

Saumu akatafuta wa kumlalamikia, hakumwona. Mbele yake kulikuwa na meza ndefu, na viungo vyake vyote vimekaa vitini, kila kimoja na kitambulisho shingoni. Kikao kinaongozwa na pilipili manga, ambayo haikunyanyua uso kumsalimu.

"Tuko kwenye Bidhaa Zetu," pilipili manga ikasema. "Zetu ni za nani?"

"Za Viungo vya Wifi."

"Watu wangapi?"

Mdalasini, ambao tangu zamani hauna subira, ukasema kama ni mmoja aandike zangu, watu waondoke mapema. Zetu huanzia wawili, ndiyo sheria, haikutungwa leo. Iliki ikaanza kulia chinichini, ikiuliza nani ataimenya sasa, maana huyu aliyebaki hana kucha. Ni kweli. Tangu talaka Saumu alikuwa amezitafuna zote.

"Mtafute wa pili," pilipili manga ikaamua. "Fuata kiungo."

"Viungo si ndio nyinyi?"

"Sisi ni wa pilau. Wewe unataka kiungo cha kukupeleka kwa mtu. Kiko kule, simama utakiona."

Akasimama, na kule kukawa sebule ya nyumba aliyotoka na mabegi yake. Makochi yaleyale, pazia lilelile alilolichagua yeye. Katikati amesimama Singano. Ni wa buluu kuanzia utosini hadi vidoleni, na chini ya miguu yake kapigiwa mstari.

"Nibonyeze," Singano akasema.

"Nikubonyeze wapi?"

"Popote. Mimi ndiye kiungo kati yako na yeye. Hulijui hilo?"

Alilijua, na lilimuuma kuliko talaka yenyewe. Miaka yote ile ya kuchekecha na kucheka, ya kutiana moyo siku mvua iliponyeshea mzigo, kumbe ilikuwa inapita kwa mwanamume ambaye hawezi kutofautisha binzari na vumbi la matofali. Akamgusa kifuani kwa kidole kimoja. Mkono wa kulia wa Singano ukachomoka begani, ukaanguka kwenye zulia bila damu na bila kelele.

"Samahani," Singano akasema kwa sauti ya mashine. "Ukurasa unaoutafuta haupatikani. Huenda umehamishwa, au haukuwahi kuwepo."

"Ulikuwepo," Saumu akasema. "Nimekula idi humu. Homa iliponishika, Mwanvua alilala mkekani kando ya kitanda changu mpaka nilipoamka na kuomba uji. Wewe ulikuwa safari."

"Kiungo kimevunjika. Mimi sifungui tena." Akaokota mkono wake na kuutia kwapani, hana kinyongo wala haya.

Hapo Saumu alikata tamaa. Ilikuwa tamaa ya kukatika kabisa, ya mtu anayetaka kukaa chini na asiinuliwe. Lakini zulia lilikuwa limeshakuwa sakafu ya ofisi, na mbele yake pana dirisha lenye maandishi ya TAFUTA. Nyuma ya kioo amekaa mtumishi ambaye kichwa chake ni lenzi ya kukuzia.

"Unatafuta nini?"

"Namtafuta wifi."

"Wifi hapa hakuna. Hata sisi tunatumia bando."

"Dada wa mume wangu."

"Mume yupi?"

"Aliyeniacha."

"Basi huyo si wifi."

"Hilo ndilo ninalouliza," Saumu akasema. "Dada wa mtu aliyekuacha anaitwaje? Nimekaa naye kuliko nilivyokaa na huyo kaka yake. Lazima awe na jina."

Mtumishi akainuka, akaenda nyuma. Zikasikika droo zikifunguliwa na kufungwa, kwa muda ambao maharage yangeiva. Akarudi akijifuta vumbi.

"Hakuna matokeo," akasema. "Neno lenyewe halipo. Je, ulikusudia wali?"

"Sikukusudia wali."

"Wengi hukusudia wali."

Akashusha pazia la dirisha. Saumu akageuka aondoke, na Mwanvua alikuwa hapohapo nyuma yake, amekaa kwenye kigoda, kanga kiunoni, anachekecha. Kando yake limesimamishwa neno refu kumpita mtu, limechongwa kwa mbao za mninga: SISI.

"Wifi," Saumu akasema, kisha akajiziba mdomo.

"Umekonda," Mwanvua akasema.

"Mbona hupokei simu?"

Mwanvua aliendelea kuchekecha. Kwenye chekecheke hamkuwa na kitu. "Singano kaleta mwingine," akasema. "Asubuhi na jioni ananiita wifi, na mie sijaizoea hata sauti yake. Mama kasema nichague, Saumu na mashine yake au nyumba. Sasa mie nyumba ni hiyo, mama ni huyo. Nitalala wapi?"

"Utalala kwangu."

"Kwako chumba kimoja cha kupanga. Na nikilala hapo nitakuwa nani? Majirani wakiuliza huyu nani wako, utawaambiaje?"

Saumu akafungua kinywa. Kwa kuwa neno halikuwepo hata kwenye droo, akakifunga. Alitaka kumwambia asijali majirani, alitaka kumwambia kwamba bila yeye hata ladha ya chumvi haisikii, lakini ndotoni maneno hutoka kwa zamu, na zamu haikuwa yake.

"Nimefuata si yangu," Mwanvua akasema.

"Si ipi?"

"Hebu liangalie vizuri. Si mbili hizo, zimeunganishwa. Moja yako, moja yangu. Siwezi kuiacha humu, wifi. Kaka akiisoma nami nimo, usiku huohuo nitakuwa nje na sanduku langu."

Alisema wifi. Wote wawili walilisikia, hakuna aliyelirudia.

Hapakuhitajika msumeno. Neno liliachia katikati kwenye kiungo chake, kimya kabisa. Mwanvua akainama kuikamata nusu yake, ikamshinda, na Saumu akashika upande wa pili kwa mazoea tu, namna walivyozoea kuinua magunia, haya, twende. Akaona alichokuwa akifanya wakati mzigo umeshafika juu. Alimtwisha kwa mikono yake mwenyewe. Mwanvua akaisawazisha si yake kichwani, akaondoka kwa mwendo ule wa mtu mwenye mzigo, ambaye hata akitaka kugeuza shingo hawezi.

Saumu akabaki na ukurasa. Akausoma. Umeandikwa KUHUSU SI.

"Si nini?" akauliza.

"Hapo unajaza mwenyewe," ukurasa ukajibu. "Kazi yangu ni nafasi."

Akaketi kwenye kigoda kilichokuwa bado kina joto, akalia, na vidakuzi vikaja kumzunguka taratibu, vikikumbuka kila chozi.

Simu ndiyo iliyomwamsha. Nje kulikuwa kweupe, jirani anafagia, na mto ulikuwa umelowa. Aliyepiga ni Mhando.

"Shikamoo, da Saumu."

"Marahaba. Sijakuandikia kitu, Mhando. Nivumilie."

"Si hilo. Nisamehe kwa kukuamsha. Yule wifi yako, da Mwanvua, kanipigia sasa hivi, namba ngeni, anaongea kama mtu aliyejificha chooni. Ati jina lake nilitoe kwenye tovuti. Nikamwambia dada, tovuti yenyewe bado, humo hamna jina la mtu. Akasema kama hamna jina, basi nimtolee si yake."

Saumu akakaa kitako kitandani.

"Kasemaje?"

"Nimtolee si yake. Nikamuuliza si gani, akasema da Saumu anaijua, ameshanitwisha. Mie sikumwelewa, nikaona nikuulize mwenyewe kabla sijaharibu kazi ya watu."

Jirani alimaliza kufagia. Saumu alitazama mikono yake, akaona hakuna cha kutazama.

"Alipokuwa anasema hayo," akauliza, "alikuwa analia?"

Mhando akafikiri. "Sina hakika, da Saumu. Sauti ilikuwa inakatikakatika. Nilidhani ni mtandao."

"Mtolee," Saumu akasema. "Lakini taratibu."