Mkono Ulioshika Boneti

...akiachia tu, hata asiposukuma, chuma chote kile kitashuka kwenye kisogo cha mzee, na Verlin alikitazama kile kisogo, chembamba, chenye mikunjo, kisogo cha mtu wa miaka themanini na mmoja aliyeinamia injini inayonguruma akiwa na kipande cha mpira sikioni kama daktari, akitafuta pumzi inavujia wapi, feni ikizunguka shibiri moja tu kutoka puani mwake, na boneti haina cha kuizuia isipokuwa mkono wa Verlin kwa sababu springi zimechoka, zimechoka tangu zamani, tangu... "Shika vizuri wewe, unatetemeka kama bibi harusi," Orval alisema bila kugeuka, na Verlin akajibu, "Nimeshika, baba," miaka hamsini na mmoja na bado sauti ile ile ya kunywea, nje jua la mji wa Saginaw likiwaka juu ya theluji iliyobaki, na mbele ya gari taa ya kulia imefumbuka vizuri, ya kushoto kifuniko chake kimepanda nusu kikakwama, kama jicho lililopigwa ngumi, kama jicho la mama asubuhi za Jumapili alipowaambia watu wa kanisani kwamba ameteleza kwenye ngazi, ngazi gani, nyumba yao haikuwa na ngazi... "Hivi vifuniko havitaki umeme, vinataka mvuto," mzee alikuwa akihubiri, "injini inavuta hewa kupitia mipira hii, hewa ikivutwa kifuniko kinafumbuka, mpira ukipasuka nguvu inatoroka, nimekufundisha mara ngapi?" na Verlin akasema, "Tubadilishe mipira, wa kulia uje kushoto, ubovu ukihamia kulia basi ni mpira, ukibaki hapo hapo ni kile kidude kinachosukuma kifuniko," na mzee akacheka kwa pua, "Tazama, bwana fundi, Dwight angeshaupata zamani, yule alikuwa na masikio," akalitaja jina hilo hivi hivi, kama anayeomba chumvi, Dwight kaka yake, ambaye mwaka wa sabini na tisa alikuwa na miaka kumi na saba na mikono yote miwili mle ndani, pale pale alipo mzee sasa, naye mzee ndiye aliyeshika boneti, na Dwight alikuwa amesema kitu kimoja tu, kwamba ukimgusa mama tena nitakuua, alikisema polepole, bila kuinua kichwa, na Verlin aliyekuwa amesimama mlangoni aliuona mkono wa baba ukiinuka kidogo kwanza, ili upate nguvu, ndipo ukashuka, ile sauti haikuwa ya chuma, ilikuwa ya kuni mbichi, na hospitalini daktari alipouliza, baba alimkazia macho Verlin, naye Verlin akasema, "Iliponyoka," vidole viwili vya Dwight vikaishia pale, na Dwight akamtazama kutoka kitandani, hakumtazama baba, alimtazama yeye, kisha akapanda basi kwenda Oregon na kukaa huko... basi achia, nani atajua, springi mbovu mtaa mzima unajua, atamwambia polisi neno lile lile moja, tayari analo mdomoni, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kulegea, kimoja, cha pili, chuma kikashuka upana wa kucha, akashangaa jinsi ilivyo rahisi, haihitaji hata hasira... "Haikuponyoka," alisema, na mwanzoni hakujua kama amesema kwa sauti. "Nini?" mzee aliuliza. "Ile siku ya Dwight. Uliinua mkono kwanza. Niliuona." Kisogo kikasimama. Mpira ulibaki sikioni lakini mzee hakuwa akisikiliza injini tena, mabega yake yalipanda taratibu kuelekea masikioni, jinsi mama alivyokuwa akiyapandisha, jinsi wote walivyokuwa wakiyapandisha mlango wa mbele ulipofunguliwa saa kumi na moja, na Verlin akaelewa kwamba mtu huyu ameujua uzito wa boneti hii miaka thelathini na sita, ameingiza kichwa chini yake kila majira ya kuchipua akijua, na kumtukana aliyeishika ndiyo iliyokuwa dua yake ya kuomba isishuke. "Verlin," mzee alisema, sauti ndogo, "mwanangu," neno ambalo hajawahi kulitumia, na Verlin alilingojea limguse, halikumgusa popote, ila vidole vyake vilifunga tena, si kwa huruma, kwa kuwa sasa haja ilikuwa imekwisha, kichwa kilichovunjika hakiogopi kitu na hiki kinaogopa, na kaka yake huko Oregon anastahili kusikia kutoka kinywani mwa Verlin mwenyewe, leo hii, maneno yote, kuanzia lile la uongo. Pumzi ilizidi kuvuja mahali fulani, kifuniko cha kushoto kimekwama nusu. "Nitoe kichwa?" mzee aliuliza. Verlin aliendelea kushika.