Fyuzi ya Feni

Kwa miaka tisa kazi yake kwenye gari la mbio la kaka yake ilikuwa feni, na jina lake likawa Feni. Alikuwa fundi umeme wa magari kama marehemu baba yao, mwenye cheti na karakana ya kwake, lakini kwenye uwanja wa mbio cheti hakimshtui mtu. "Feni yuko wapi?" kaka yake aliuliza kila akivaa helmeti, naye akatokea na ovaroli ya bluu yenye jina hilo mgongoni. Alilichora mwenyewe kwa rangi nyeupe, siku aliyochoka kulikasirikia.

Kazi yenyewe watu waliiona ya kitoto. Gari la kaka lilikimbia kwenye barabara moja iliyonyooka, sambamba na gari jingine, na sekunde kumi na moja baadaye mchezo ulikuwa umekwisha. Ili liwe jepesi, altaneta, ile inayochaji betri, ilikuwa imeng'olewa. Betri peke yake ililisha plagi, pampu ya mafuta na feni mbili za kupoza maji ya rejeta, na feni hizo zilikula umeme kama wageni wasiojua kuaga. Zikiwaka gari likiwa mbioni, plagi zinakosa nguvu na injini inakohoa. Zikizimwa mapema mno, maji yanachemka hata taa ya kijani ya kuanzia mbio haijawaka. Kwa hiyo Feni alifuata gari hadi mstarini, mkono kwenye swichi ya bampa la nyuma, masikio wazi. Akiridhika alizima, akagonga buti mara mbili, na kaka akajua mambo yako sawa. Mwisho wa barabara kaka aliziwasha mwenyewe kwa swichi ya ndani. Miaka tisa hawakuchemsha maji hata siku moja.

Msimu huu kaka alimleta Mtaalamu. Jina hilo bwana yule alijipa mwenyewe, na hilo tu lingetosha kumtia mtu wasiwasi. Alikuja na kompyuta na kidude cheusi kinachopima joto la maji na kuwasha feni likifika digrii themanini na tano. Swichi zote mbili zikang'olewa. Kaka alimwambia dada yake sasa apumzike, akae jukwaani astarehe kama watu wengine. Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma zaidi.

Hakukaa jukwaani. Kwenye nusu fainali alisimama kando ya uzio, akasikia kile ambacho wengine hawakukisikia: katikati ya barabara injini ilipaliwa kidogo, kisha ikapanda tena. Feni zilikuwa zimewaka. Kaka alipita kwa sababu tu mpinzani wake aliteleza.

Alikwenda kuwaeleza kaka na Mtaalamu. Matairi yakizungushwa hadi yatoe moshi pale mstarini joto linapanda, kwa hiyo kidude kitawasha feni katikati ya mbio na fainali itakwenda na maji. Mtaalamu alichungulia kompyuta yake, akasema joto la maji liko vizuri kabisa, kisha akatania kwamba masikio ya binadamu hayatengenezwi kiwandani. Watu wakacheka. Kaka naye alicheka, halafu akaacha.

"Huo ni wivu, mdogo wangu," alisema. "Umeing'ang'ania ile swichi utadhani ni urithi."

Feni aliwageuzia mgongo, akarudi kwenye uzio. Fainali hiyo baba yao aliitafuta maisha yake yote, akafa hajaipata. Na kwa dakika chache, kusema kweli, alitaka waikose tena. Alitaka injini ikohoe mbele ya uwanja mzima na Mtaalamu akose pa kuficha uso. Lakini gari lilipoanza kusogea kwenda mstarini miguu yake ililifuata yenyewe, kama ilivyozoea. Aliinama akajifanya anakagua tairi, akafungua kisanduku cha fyuzi kilichokaa nyuma karibu na betri, akachomoa fyuzi ya feni. Angepanda pikapu inayokwenda kulichukua gari, angeirudisha kaka hajavua helmeti. Akagonga buti mara mbili.

Injini haikukohoa. Kaka alishinda kwa urefu wa bampa.

Feni alikimbilia pikapu. Kiti chake kilikuwa kimekaliwa na Mtaalamu, kompyuta mapajani, na dereva akaondoka bila kutazama nyuma. Akakimbia kwa miguu, karibu kilomita nzima, na mabuti yake ya kazi.

Alipofika, mvuke ulikuwa umeifunika boneti. Kaka aliiacha injini ikiunguruma ili wapiga picha wapate chao, akijua kidude kitaipoza, na sasa gasketi ilikuwa imeungua na maji yanamwagika chini. Mtaalamu alikuwa ameshafungua kisanduku, kidole kwenye nafasi tupu. Feni alifika akihema, fyuzi mkononi. Haikumjia akilini hata kidogo kuificha.

"Kumbe ni wewe," kaka alisema.

"Nimeitoa ili ushinde. Umeisikia ikikohoa safari hii?"

"Nimeisikia ikifa."

Mtaalamu aliichukua fyuzi ile, akaipachika, na feni mbili zikavuma kwa pamoja. Akawageukia watu. "Mnaona? Kifaa hakina tatizo."

Kaka alimwambia dada yake avue ovaroli. Hakupandisha sauti. Feni aliivua palepale mbele za watu, akabaki na fulana iliyolowa jasho, akaitandika ovaroli juu ya bampa jina likitazama chini. Alimsubiri kaka aseme neno moja zaidi, lolote lile. Kaka alikuwa anawaita wapiga picha waje upande usio na mvuke.

Akaondoka kwa njia ileile aliyojia. Nyuma yake injini ilikuwa imezimwa, feni bado zinavuma, na hakuna aliyekumbuka kwamba zinakula betri. Alizisikia zikianza kulegea, sauti ikishuka kidogo kidogo. Angeweza kurudi kuwaambia. Alizisikiliza mpaka zikanyamaza, akaendelea na safari yake.