Nikugeuze, Baba?

Marashi ndiyo yaliyomtangulia mheshimiwa diwani. Kabla hajaonekana mlangoni yalikuwa yameshajitandaza chumba kizima, yakapanda juu ya sabuni, dawa na usaha, na mchanganyiko huo ndio uliomtia Dada Mkubwa kichefuchefu. Harufu ya kidonda peke yake alishaizoea.

Dada Mkubwa ni jina alilopewa na wenzake wa darasa la kuuguza wagonjwa nyumbani, kwa kuwa yeye alikuwa na wajukuu na wao walikuwa bado wanatafuta wachumba. Alijiunga na chuo hiki cha mtaa baada ya kumzika mama yake. Mama alilazwa chali miezi na miezi, analishwa uji, anaombewa, anafunikwa vizuri, kumbe mgongo unaoza chini yake. Hakuna aliyewaambia kwamba mtu asiyejiweza hugeuzwa. Jambo dogo kama hilo! Siku alipolisikia darasani alitoka nje akalia nyuma ya karakana ya useremala, na hasira ilikuwa nyingi kuliko huzuni.

"Mgonjwa anageuzwa," mwalimu wao, muuguzi mstaafu, alikuwa amesema siku hiyo. "Lakini kwanza anaulizwa. Hata kama hasikii, muulize. Akikataa, unasubiri, unauliza tena. Huyo si gunia la mkaa."

Mtaa mzima ulikuwa unaleta wazee wake pale. Wengine walikuja kwa mkokoteni, wengine wamebebwa mgongoni. Wanafunzi walipata watu wa kujifunzia. Wazee walioshwa, wakakatwa kucha, wakasafishwa vidonda. Na mabinti waliowaleta walikaa pembeni wakitazama, wakarudi nyumbani nao wanajua. Vitanda vilitoka kwa wanafunzi wa useremala, kimoja kikiyumba kidogo. Mashuka yalishonwa na darasa la cherehani kwa vipande vya kila rangi, utadhani bendera za nchi ambazo hazijapatana.

Asubuhi hiyo Dada Mkubwa alikuwa na jirani yake, Fundi Saa, mzee aliyetengeneza saa za watu mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Alilala kwa ubavu, uso ukutani, shati limepandishwa, na kidonda kilikuwa chini ya kiuno, pale pale kilipokuwa cha mama. Nyumbani kwa mzee kulikuwa na picha moja tu ukutani, ya kampeni, mwanawe amecheka meno yote nje. Mtumishi aliyewekwa na mwana huyo kumtunza mzee alishaondoka zamani na hakuna aliyekuja kuuliza. Na mwana mwenyewe ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni sasa, leso puani.

"Hiki ni chuo au machinjio?" akauliza.

Mkuu wa chuo, aliyekuwa nyuma yake, akacheka. Alicheka mapema mno, kabla hajajua kama ni utani, na Dada Mkubwa akatamani kumtemea mate.

"Mheshimiwa, hili ndilo darasa linalopendwa na watu wa mtaa," mwalimu akasema. "Hawana pengine pa kuwapeleka wazee wao."

"Mama, nani anatafuta cheti cha kuosha makalio? Mtaa unahitaji ukumbi wa sherehe. Wa kisasa. Mwisho wa mwezi muwe mmetoka." Akasogea hatua mbili, akaona mgongo wa mzee, akarudi nyuma haraka. "Na huyo mfunikeni, jamani! Mnawaokota wapi watu wa namna hii? Huyu hana watoto?"

Dada Mkubwa aliuona mgongo ule ukikakamaa, na vidole vya mzee vikishika ubao wa kitanda. Alikuwa amesikia. Macho yalikuwa yamechoka lakini masikio yalikuwa mazima.

Usaha, haja kubwa, matapishi, yote Dada Mkubwa alishayafuta kwa mikono yake bila kukunja uso, ila mtu huyu na leso yake hakuweza kumvumilia. Na dawa yake ilikuwa karibu. Mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga, msukumo mmoja, basi. Mheshimiwa angetazamana na baba yake mbele ya mkuu wa chuo na wapambe waliojaa mlangoni. Angeaibika. Angetubu, au angalau angeogopa maneno ya watu, na chumba kingepona. Mikono ilikuwa imeshafika begani na kwenye nyonga. Mwalimu, aliyemjua mzee vizuri, alimtazama na hakumkataza.

Lakini mdomo ulishazoea kazi yake, ukauliza.

"Nikugeuze, baba?"

"Hapana," mzee akasema taratibu, akiuambia ukuta. "Niache hivi hivi."

Dada Mkubwa alibaki vile, mikono juu yake. Mzee alikuwa mwepesi, mifupa mitupu. Angemgeuza hata kwa mkono mmoja. Kisha akaiondoa mikono, akachukua pamba, akaendelea kusafisha, na machozi ya hasira yakamdondokea kwenye glovu.

Mheshimiwa aligeuka kuondoka, akalikanyaga beseni, maji yakamrukia kiatu. Akatukana. Akavuta ncha ya shuka la kitanda cha pili, akafuta kiatu nalo, upande mmoja na mwingine, akaliachia. Wakatoka wote, mkuu wa chuo nyuma yao akiomba radhi kwa niaba ya beseni.

Nyayo zikapotea uani. Marashi yalibaki.

"Sasa nigeuze," mzee akasema.

Akamgeuza polepole, kama walivyofundishwa, akamwekea mto mgongoni. Mzee alitazama mlango uliokuwa wazi, akautazama kwa muda.

"Wewe ulimwona vizuri?"

"Nilimwona."

"Amenenepa?"

Dada Mkubwa alikuwa na mengi mdomoni, na yote yalikuwa machungu. Aliyameza kwa shida, moja moja.

"Amenenepa, baba."

"Afadhali," mzee akasema, akafumba macho. "Utotoni alikuwa anasumbua sana kula, yule."