Ukwato Mkavu Mbugani

Mvua za mwaka 1975 zilipochanganya, Limi aliketi mlangoni kwake, mguu wa punda ukiwa pajani, akichokonoa uozo kwa kisu cha kumenyea viazi. Ukwato ulinuka. Kijiji kizima kipya kilinuka hivyo hivyo, kwa kuwa Bwana Pantaleo, afisa aliyewahamisha, alizipanga nyumba mbugani, kwenye udongo mweusi unaoshika maji, ili zionekane vizuri kutoka barabara ya Segese. Kule mlimani walikotolewa ni luseni tupu, mchanga mweupe ambao mvua ikinyesha asubuhi, mchana unaanika mtama juu yake.

Limi alikuwa na shauri lake. Bwana Pantaleo angerudi kukagua, naye angemwonyesha kwato. "Akiona punda anavyooza, atajua na sisi tunafuata," alimwambia jirani yake, Masele. "Ataturuhusu turudi kwetu."

"Basi usimtibu, mayu. Mwache aoze tupate ushahidi."

"Koma! Mnyama ana kosa gani?"

Akaziosha kwato kwa maji ya chumvi, akazipaka majivu. Kwato huota kutoka juu kama kucha, kwa hiyo dawa yenyewe alianzia tumboni. Kila alfajiri alipanda mlimani kwenye ngitili yake, majani aliyoyazuia mifugo isiyaguse mpaka kiangazi, akakata mzigo. Akaongeza maganda ya mgunga na bonge la magadi la kulamba. Pumba alimpa kiduchu, maana pumba nyingi huleta joto kwatoni.

Ukwato mpya uliposhuka ukagusa chini, punda aliinua mguu, na pale alipokuwa amekanyaga palikuwa pakavu: luseni, duara jeupe la ukubwa wa kisahani. Akakanyaga pengine, napo pakakauka.

"Haya, tembea," Limi alimwambia, akaenda kuinjika uji.

Ua wote ulipokuwa mweupe, Masele alikuja kumwazima punda apite uani kwake, na wengine wakafuata. Jioni watu wazima walikaa chini bila mkeka. Mwanamke mmoja alivua kandambili, akasimama, machozi yakamtoka. "Ee Mungu wangu, ni kwetu kabisa," alisema. Waliuchota ule mchanga kwa mikono miwili, taratibu, kama watu waliopewa mtoto mchanga wamshike.

Limi aliporudi mlimani kukata majani, alikuta madoa ya udongo mweusi kila mahali, ya ukubwa wa kisahani, maji yametuama. Kumbe luseni ilikuwa inatoka huku. Kaburi la mumewe lilikuwa bado kavu.

"Baba Ngassa, usijali," alimwambia. "Tunarudi." Akajitwisha majani, akashuka.

Bwana Pantaleo alifika na Landrova, amevaa gambuti. Alipoona hazina kazi, alizivua.

"Shikamoo, mama. Nilisikia mnalalamika panaoza. Wapi?"

Limi akaitikia marahaba, akamweleza habari ya punda tangu mwanzo. Bwana Pantaleo mwenyewe akauinua mguu wa punda, akaugonga ukwato kwa kidole, ukalia kama chungu kizima.

"Kwato hizi nzuri sana, mama. Mahali hapa panawafaa."

"Ni za kule mlimani, bwana."

"Kule mlimani kumeoza. Nimepita."

Masele alikohoa, akatazama pembeni. Limi aliutazama ule ukwato, mgumu, mweusi, unang'aa, kazi ya mikono yake, na roho ikamuuma mno.

Haukupita muda malori yakaleta watu wengine, wakashushwa ng'ambo ya barabara, kwenye matope, na watoto wao na kuku. Mwanamume mmoja akavuka, suruali imekunjwa magotini, akauliza kwa adabu kama punda anaazimwa.

Limi alijua mlimani kumebaki kukavu wapi.

"Mchukue," alisema. "Majani yake haya hapa. Pumba usimzidishie."

Asubuhi mawe ya kaburi la Baba Ngassa yalikuwa ng'ambo, mlangoni kwa wageni, yamepangwa vilevile juu ya mchanga mkavu. Limi alivuka barabara, akapiga hodi, akaulizia hali ya watoto, kisha akaomba kigoda akae kando ya mawe.