Mkono wa Mwenye Kiinimacho

...na hata sasa haianguki, hata tone, Nadine amekitoa kikombe nje ya dirisha, kichwa chini, jua lote la Missouri linakipiga kitako, na kile kitu kimeng'ang'ania humo ndani kama kupe, aiskrimu gani hii isiyojua kuyeyuka, jana alisahau kikombe kizima hapa dirishani tangu mchana na alipokuja kufunga duka alikikuta kimesimama vilevile, kimeota ngozi juu, akakibonyeza kwa kidole na kidole kikatoka kikavu, kinyaa kilichompanda wakati ule hakijashuka mpaka leo, na hawa kwenye foleni wanapiga makofi, wale Waholanzi wa pikipiki za kukodi na kofia za wachunga ng'ombe, shingo zimewaiva, wamejipaka mafuta ya jua mpaka wananuka nazi iliyochacha, "Shikilia hapohapo, mama, usitikisike, nachukua video!" anapayuka mmoja wao, chukua, baba, chukua na ukome, chukua na ile koni kubwa ya plasta pale nje ambayo kila mtalii lazima aikumbatie, imejaa alama za midomo na jasho la watu na nzi, Royce ndiye aliyeileta, Royce mdogo wake, tumbo moja, ambaye hivi sasa yuko nyuma yake anakoroga ndoo nyingine ya ule unga, unga na maji ya bomba na vile vidude vya kunatisha, gundi tu, asitudanganye, alipomuuliza majira ya machipuko alicheka, "Dada, nani atajua? Hawa wamekuja kupiga picha, hawakuja kula," na yeye akajitia hamnazo, kiangazi chote amejitia hamnazo huku juu ya paa taa nyekundu zinaandika "Mapishi yaleyale ya Mama Opal"... Opal, mama yao, aliyekuwa anaamka kabla ya jua akapika viini vya mayai na maziwa na krimu kwenye sufuria kubwa, akachuja, akapoza, mkono wake wa kulia ulinenepa kuliko wa kushoto kwa kukoroga, enzi hizo Barabara ya Sitini na Sita ilikuwa barabara kweli, watu wanakwenda zao California na watoto wanalia nyuma ya gari, wanasimama kwa sababu wana njaa na joto, si kwa sababu kitabu cha watalii kimewaambia wasimame, na zege yake, ndivyo watu wa njia hii nzima wanavyoiita ile aiskrimu nzito, aliipindua mbele ya mteja kabla ya kumkabidhi, vibanda vingine navyo vilifanya hivyo lakini Opal aliifanya kama anakula kiapo, ikidondoka hulipi na unatengenezewa nyingine, na mara mojamoja ilidondoka kweli, pwaa, juu ya kiatu cha mtu, na Opal akacheka mpaka machozi, "Angalau umejua ni chakula!"... ilikuwa inaweza kudondoka, ndiyo maana kuipindua kulikuwa na maana, hii haiwezi, hii ukiibandika ukutani itakaa mpaka Krismasi, kiapo kimegeuka kiinimacho na mkono wa mwenye kiinimacho ni huu hapa, wenye saa ya mama... "Haianguki, unaona, Idella?" ni yule mzee aliyejitaja Vernon Stuckey alipofika, amesimama chini ya dirisha, suruali ameipandisha karibu na kifua, mkono mmoja ameunyoosha apokee kikombe, mwingine amemshika mkewe kiwiko, "Kama zamani, unaona, mpenzi?" na mkewe haangalii, nywele zimechanwa vizuri upande mmoja tu, kidevuni bado ana mstari mweupe wa kile alichokitema, maana sasa hivi tu Nadine alimpa kijiko cha kuonja, bibi akakizungusha kinywani, akakunja uso, akatema kwenye kiganja cha mumewe mbele ya watu wote, akasema wazi kabisa, "Siyo hii," na Nadine akaingiwa na kinyaa, ule ute, yale mate yanayoning'inia, akatazama pembeni kama Waholanzi walivyotazama pembeni, na mzee akafuta kiganja kwenye suruali akaomba radhi, aliomba radhi yeye! "Utusamehe, binti yangu, kichwa chake kimekwisha. Tulikula hapa kwa mama yako siku tuliyooana, na kila kiangazi mpaka alipoanza kuumwa. Mtoto wetu anataka tumpeleke kwenye makao ya wazee, nikamwambia ngoja kwanza nimfikishe kwa Opal, akiitambua ile ladha basi bado yumo humo ndani, nitakaa naye nyumbani mwenyewe, hata iweje." Akavuta pumzi. "Basi. Nimeona. Jumatatu tunampeleka. Nipe zege moja tu, binti, uipindue kama alivyofanya mama yako," na Nadine akaipindua, mkono ulikwenda wenyewe kama punda anayejua njia... "Dada, mpe mzee kikombe chake, foleni imefika barabarani," Royce sikioni, pumzi inanuka vanila ya chupa, kisha kwa ile sauti yake ya matangazo, "Karibu sana, mzee wetu! Mapishi ya mama hayo, hatujabadilisha kitu!" na alisikia, alisikia yote, alimsikia bibi akisema siyo hii na anajua kuwa siyo, na bado anampaka mzee wa watu mafuta kwa mgongo wa chupa, na akisema, Nadine akisema hapa, mbele ya simu zote hizi zilizoinuliwa, duka limekwisha, Uholanzi nzima itajua kabla ya jioni, Royce hatamsemesha tena mpaka wazikane, na yeye maisha yake yote hajajua kazi nyingine ila dirisha hili, na asiposema... asiposema ni kikombe kimoja tu, wazee wawili wanarudi kwenye gari lao, wanakata kona, hatawaona tena, ila Jumatatu bibi atavuliwa viatu vyake na kuvalishwa ndara za watu, atawekwa kwenye chumba kinachonuka dawa ya sakafu, na mzee atarudi kulala peke yake akiamini kwamba mkewe hayumo tena, na mkewe yumo, yumo kuliko wote walio hapa, kuliko Waholanzi wanaoramba na kusifu, kuliko Nadine ambaye Royce alipomwonjesha mara ya kwanza alimeza akasema si mbaya, alisema hivyo, si mbaya, Opal angemzaba kibao, kumbe kutema ndiko kulikokuwa jibu, angetema yeye, siku ileile, kwenye kiganja cha Royce, na leo amemwonea kinyaa bibi wa watu kwa mate wakati uchafu umo ndani ya kikombe na kikombe kimo mkononi mwake yeye... mzee bado amenyoosha kiganja, Royce bado anapumua sikioni, simu bado ziko juu, na Nadine anainama dirishani, maneno yamekwisha kujipanga, machache, hayahitaji hata sauti kubwa, Bwana Stuckey, mkeo hajakosea, mrudishe nyumbani.