Disipeti ya Shaibu

Kama kuna mwanamke anatafuta mume, aje Ilala amchukue wangu, na chenji sitaki. Nimechoka!

Shaibu alitoka uvimbe shingoni, chini ya sikio. Nikamwambia aende zahanati, kuna daktari mgeni anatibu vizuri. Nikataka twende wote, akakataa, ati nibaki kuuza. Haya, akaenda. Nesi aliyekuwa akimtafsiria alitoka mara moja kupokea simu, na hapo hapo daktari akamminya shingo, akatabasamu, akasema kwa Kiingereza kwamba uvimbe uta-disipeti.

Mtu mwenye akili angemsubiri nesi. Wangu akalibeba neno lake hadi soko la Mchikichini, akamuulize Gaudens. Gaudens anauza mikanda jirani na kizimba chetu cha viatu vya mitumba. Zamani alibeba mizigo ya watalii mlimani, basi anaona Kiingereza amekizaa yeye. Akapekua kamusi kwenye simu: kutawanya, kutapanya, kufuja mali.

"Pole sana, mzee," akamwambia. "Ugonjwa unatawanyika mwilini."

Mume wangu akarudi nyumbani, akala ubwabwa wake, akalala. Mimi mkewe hakunieleza lolote! Mafua yakanilaza siku mbili tatu, na nilipopata nafuu nikaenda sokoni. Nikamkuta Anifa, binti wa kaka yake Shaibu, amekaa kizimbani kwetu anapiga viatu brashi. Belo jipya la viatu ambalo hatujalifungua halipo.

"Shikamoo, ma'mdogo."

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Baba mdogo kanipa kizimba. Kasema ni sadaka. Belo kalipeleka msikitini." Akaanza kulia. "Kasema hana siku nyingi."

Gaudens ndiye aliyenisimulia habari ya disipeti, tena kwa sauti ya msibani. Nikaenda kumtoa Shaibu kwenye kijiwe cha gahawa, nikamkokota hadi zahanati huku watu wanatutazama.

Yule nesi, Josepha, alituingiza ndani. Daktari akaminya tena ile shingo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema lile lile: disipeti. Josepha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Baba, anasema uvimbe utanywea wenyewe. Utapungua taratibu mpaka uishe. Kwani hujaona umeshaanza kupungua?"

Nikagusa. Kweli, umebaki kama punje ya kunde. Nililia palepale mbele ya mgeni wa watu, nikamshukuru Mungu. Tulipotoka nje hasira zikanipanda upya.

"Kumbe kilichotawanyika ni mali! Anifa umempa kizimba. Mimi je? Ungekufa ningekula nini?"

"Anifa kaachika na watoto, hana pa kushika," akasema kwa upole. "Wewe nilijua utasimama tu. Wewe una nguvu."

Jamani, neno hilo liliniuma kuliko belo. Tangu anioe nabebeshwa kwa sababu nina nguvu, na mwenye nguvu haulizwi kama amechoka. Nikatangulia mbele mpaka sokoni.

Anifa aliposikia kwamba baba yake mdogo ni mzima, akamkumbatia, kisha akatutolea ufunguo wa kufuli. "Chukueni. Mradi yupo hai."

Shaibu akarudi nyuma. "Hapana. Sadaka hairudishwi."

"Nyamaza wewe!" Nikaupokea ufunguo. "Kizimba hiki tumekitafuta wawili. Nani alikufundisha kutoa sadaka mali ya mwenzio?"

Gaudens akajifanya anapanga mikanda.

Nikamgeukia Anifa, amesimama anajikunyata. "Upande ule ulikuwa wake, na sasa ni wako. Huu ni wangu. Sogeza kiti, tukae."

Akasogeza. Nikakaa, nikaanza kupanga viatu. Shaibu amesimama njiani, wapita njia wanamsukuma huku na huku.

"Na mimi nikae wapi, Mwanamkuu?"

"Wewe si ulishakufa?" nikamwambia. "Kanunue turubai, utandike nje."